Bushi za Nyuma za Datsun 240Z: Kazi ya Jumamosi Moja

Mwongozo huu ni wako wewe uliyenunua Datsun 240Z ya zamani, ukaiosha, ukaizunguka kama bwana harusi anayekagua gari la arusi, halafu Jumapili ukaivusha Likoni kwenda kumsalimia shangazi. Ilipokuwa ikitoka kwenye feri, pale mlango wa chuma unapokutana na saruji, ulisikia kitu nyuma kikisema ko. Hukujali. Jioni ukirudi kikasema ko-ko. Sasa kinasema kila ukiachia klachi, kila ukivuka tuta, na hasa ukiwa umempakia mtu unayetaka akuone wa maana. Kinalia nyuma, upande wa kulia, na hata mtoto wa jirani ameshakuambia hivyo bila kuulizwa.

Barazani, penye kahawa na kashata, jibu lilitoka kabla hujamaliza kueleza. "Bushi hizo, yakhe. Kazi ya Jumamosi moja." Aliyesema hana gari, wala hajawahi kuwa nalo. Lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubadilisha bushi za mji mzima, nawe ukaingia nyumbani ukatangaza kwamba Jumamosi hii usitumwe sokoni.

Tuanze na bushi yenyewe, kwa kuwa ni jambo dogo na tutalimaliza upesi. Bushi ni pete ya raba iliyoshindiliwa kati ya vipande viwili vya bomba la chuma, kimoja kidogo ndani ya kingine kikubwa. Gari likipanda na kushuka, raba hujisokota katikati ili chuma kisizungumze na chuma. 240Z ina nne kila upande: mbili za ndani, jirani na difu, na mbili za nje, chini ya gurudumu. Zote nane huingia kwenye mfuko mmoja wa mahamri, na mahamri mawili yakapata nafasi juu yake. Raba ikizeeka huwa ngumu, hupasuka, tundu lake hupanuka likawa na umbo la yai, na gurudumu la nyuma huanza kujichagulia njia. Unaingia kwenye kona kwa mwendo, unaondoa mguu kwenye mafuta, na gari linakata kona ya pili ambayo wewe hukuiomba.

Kabla hujashika spana, atatokea mtu wa kukukumbusha kwamba hili ndilo gari lililoshinda Safari. Usibishane naye, kwa sababu anasema kweli. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliendesha 240Z katika East African Safari Rally wakawa wa kwanza; wa pili wakawa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, safari hii akiwa na Lofty Drews. Mwaka mmoja nyuma yake alikuwa ameondoka Uganda wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Ushindi wenyewe ulipatikana kwa tundu la sindano: alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, ikabidi itazamwe nani alifika mbali zaidi kabla ya kuandikiwa pointi ya kwanza ya adhabu. Matope ya Kenya, vumbi la Tanzania, usiku na mchana, na gari likarudi Nairobi limesimama kwa miguu yake.

Kutokana na habari hizi utahitimisha kwamba gari lako ni shujaa na haliwezi kukushinda kwa jambo la raba. Hapo ndipo uliponaswa. Magari yale yalikuwa mapya. Yalikuwa na mafundi waliojipanga njiani na magari ya spea, na kitu kikilegea walikibadilisha huku dereva akinywa maji. Halafu hakuna aliyeyaambia yakae kando ya bahari miaka hamsini.

(Japani gari hili liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyesimamia mauzo ya Datsun huko Marekani, hakulipenda jina hilo hata kidogo, na Marekani likauzwa kama 240Z tu, kwa dola 3,526 mwaka 1970. Namuunga mkono. Huwezi kulala wiki tatu chini ya kitu kinachoitwa Fairlady ukiwatazama watu usoni.)

Sasa uchague: raba au poliurethani. Poliurethani ni ile plastiki ngumu yenye rangi za peremende, na husifiwa sana na watu ambao hawatapanda gari lako. Haijisokoti kama raba; huteleza. Kwa hiyo inataka grisi, na grisi ikiisha hulia kama kitanda cha kamba. Kwa mashindano, sawa. Kwa mtu anayekwenda Likoni kumsalimia shangazi, raba. Huo ni msimamo wangu na sitaki kujibiwa. Ukishikilia poliurethani, soma karatasi iliyokuja nayo kabla hujagusa msumeno: kuna seti zinazotaka ganda la zamani la chuma libaki mahali pake, na kuna zinazotaka litolewe lote, na ganda lililokwisha kukatwa vipande vinne halirudi kwa kuombwa radhi.

Spea zenyewe usizitafute mjini. Hata ukipanda hadi Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utapata bushi za kila pikapu ya Datsun iliyowahi kubeba kabichi, lakini ukitaja 240Z utaletewa kiti, utanunuliwa soda, na utaulizwa unaiuza bei gani. Magari haya mengi yaliuzwa Marekani na spea zake nyingi bado zinatoka huko. Ukiagiza bushi, agiza papo hapo na pini mbili mpya za nje, pamoja na nati zake na kabari zake. Hutaagiza. Pini zako zipo, unaziona kwa macho, ni chuma kitupu, na za watu zina bei. Utaziagiza wiki ya pili, kwa ndege.

Hatua ya kwanza ni kupandisha gari, na jambo la kuzingatia kuliko yote ni kivuli. Mwembe wangu hutupa kivuli kushoto asubuhi, kwa hiyo nilianza kushoto. Sauti ilikuwa kulia, najua. Lakini bushi ni nane na zote zingebadilishwa, na jua la Mombasa mwezi wa Februari si la kubishana nalo.

Hapa mzaha ukae pembeni kidogo. Jeki ni ya kupandishia, si ya kushikilia. Weka stendi za chuma chini ya sehemu ngumu za bodi, zuia magurudumu ya mbele, na ulisukume gari kwa bega, kwa nguvu, kabla mwili wako haujaingia chini yake. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Basi, mzaha urudi.

Hatua ya pili: toa gurudumu, toa dramu ya breki, waya wa hendibreki, paipu ya breki uizibe, na ekseli fupi inayotoka kwenye difu. Haya yote huenda vizuri, na uzuri huo ndio unaokuponza. Saa nne asubuhi umekaa juu ya gurudumu ulilolilaza, unakula mahamri kwa mbaazi, unahesabu pesa ulizowapa mafundi tangu ununue gari, na unasema moyoni kwamba watu hawa wamekuwa wakikuibia.

Hatua ya tatu ni pini. Kitabu cha gereji kinaipa mistari michache. Mimi ilinichukua wiki tatu.

Ieleweke ilivyo. Chini ya shokapu kuna nyumba ya beringi, pande zito la chuma. Mkono unaoshika gurudumu unaishia kwa meno mawili kama uma, kila jino na bushi yake, na nyumba ya beringi inakaa katikati ya meno hayo. Kinachoviunganisha ni pini moja ndefu, nene kama kidole gumba, inayopita bushi ya mbele, ikapita nyumba nzima, ikapita bushi ya nyuma, kisha ikafungwa nati huku na huku. Kiunoni pini ina pengo dogo. Humo huingizwa kabari kutoka pembeni, ili isizunguke wala isitembee. Kazi safi, na mtu aliyeichora hana lawama ila moja: hakuweka mahali pa kutia grisi. Chuma kimelazwa ndani ya chuma kiwandani, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kukijulia hali.

Sasa kumbuka tabia ya kutu. Chuma kikigeuka kutu hunenepa. Kinataka nafasi kubwa kuliko ile kilichokuwa nayo kikiwa kizima. Juu ya bati la bodi hubambuka kikaanguka, nawe ukafagia. Ndani ya tundu hakina pa kuangukia, kwa hiyo hujaa na kukaza. Ongeza hewa ya chumvi, kaskazi ikavuma, kusi ikavuma, miaka ikapita gari limesimama uani chini ya turubai, na ile pini huwezi tena kusema imeingia kwenye nyumba ya beringi. Imeoana nayo, na hakuna kadhi wa kuitoa.

Kabla ya yote, kabari itoke. Fungua nati yake, uigonge kwa kipande cha shaba, taratibu, mpaka itokeze upande wa pili. Nasisitiza kwa sababu kuna mtu, na jina lake silitaji kwa kuwa ni langu, aliyeipiga pini kwa nyundo muda wa saa nzima kabari ikiwa bado ndani.

Kabari ikishatoka, tia mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni, siku tatu, kama dawa ya kikohozi. Katika siku hizo tatu utajua una majirani wangapi. Mmoja ataleta dizeli kwenye chupa ya soda. Mwingine atakwambia uchanganye mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, na huyo, kwa mshangao wa wote, ana hoja. Bibi mmoja mtu mzima alisimama mlangoni, akatazama sana, akapendekeza ndimu na chumvi. Nilimshukuru, nikamwambia chumvi tunayo.

Siku ya nne ni siku ya nyundo. Nyundo ina raha yake: unasikia unafanya kazi. Lakini kila pigo linalokosa kuisukuma pini linafanya jambo jingine, nalo ni kukifumua kichwa chake kama uyoga. Na pini iliyofumuka haipiti tena tunduni hata ikitaka kutoka kwa hiari yake. Waangalifu hufunga nati mwishoni ili kulinda hesi, kisha wanapiga juu ya nati. Hufumuka zote mbili.

Kisha moto. Nadharia yake haina kasoro: pasha nyumba ya beringi itanuke, pini ibaki baridi, kutu ipasuke, mambo yaishe. Ila tazama ulipolala. Ubavuni kwako kuna paipu ya breki ya raba, juu kuna grisi ya miaka, na nyuma ya kisogo chako liko tangi la petroli la lita 60. Nilikuwa nimeshawasha gesi na mwali umekuwa wa buluu mzuri, ndipo yule kijana wa spana, niliyekuwa nikimlipa kunipitishia nyundo, akaniinamia kwa adabu akauliza, "Bosi, petroli ulitoa?" Siku hiyo nilimpandishia ujira, na ikawa ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote nilizonunua.

Njia ya halali, ambayo ungeanza nayo ungekuwa unasoma mwongozo mwingine, ni kung'oa kila kitu. Zifungue nati tatu zinazolishika shokapu juu, ndani ya gari nyuma ya viti. Ile ya katikati usiiguse, kwa maana ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isije ikakutoa meno. Fungua mkono kwenye difu. Utoe shokapu, springi, nyumba ya beringi na mkono, vyote vimeshikamana kama mguu wa mbuzi siku ya Idi, uvipakie kwenye tuktuk, na uende kwa mtu mwenye presi.

Mimi nilikwenda kwa fundi mmoja mzee wa Majengo ambaye vijana wake wote wanamwita ami. Aliulaza ule mguu wa mbuzi juu ya meza, akavaa miwani, akaigeuza pini kwenye mwanga.

"Umeshaipiga?"

"Kidogo, ami."

Akapitisha kidole juu ya uyoga. "Kidogo," akasema, akaenda kunawa mikono.

Akaiweka kwenye presi yake ya tani 20. Akapampu. Mti wa presi ukalia, meza ikalia, pini ikatulia. Akapampu tena, nami nikaona kitu ambacho sikujua chuma kinaweza kufanya: pini ilijikunja taratibu nje ya tundu kama mtu anayeinama kuokota shilingi, na ndani isisogee hata unywele. Akaiachia presi. Akaniuliza kama ninazo mpya. Nikamwambia ziko njiani. Wakati ule zilikuwa njiani kwa maana ya kwamba kesho yake asubuhi ningeziagiza.

"Basi tuikate," akasema, na tukaikata.

Kati ya bushi na nyumba ya beringi kuna mwanya mwembamba ambamo ubao wa msumeno wa chuma unapita. Unakata mbele, unakata nyuma, na mkono unaachia wenyewe. Kinachobaki ndani ya nyumba ni gogo fupi la pini, na gogo fupi halina pa kujikunja: nguvu yote ya presi inakwenda moja kwa moja. Sasa moto nao una maana, kwa kuwa tangi liko nyumbani na wewe uko Majengo. Alipasha nyumba ya beringi kwa subira, bila kulenga mahali pamoja, akapampu mara mbili, na gogo likatoka kwa mlio uliowakimbiza kuku wa nyumba ya tatu. Likaanguka sakafuni, likaviringika, likaacha mstari wa unga mwekundu. Vijana wakapiga makofi. Fundi akaliokota kwa koleo, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaendelea na radieta ya mtu mwingine.

Usijaribu kumshawishi mkerezaji akukerezee pini mpya kutokana na chuma chochote atakachokikuta kwenye kona ya karakana. Atakubali, na itang'aa. Lakini hicho ndicho kipande kinacholishika gurudumu la nyuma, na kinataka chuma cha kazi hiyo. Subiri ndege.

Wakati unasubiri, una bushi kuukuu za kutoa. Raba huchomwa ikatoka, na moshi wake ni mweusi, una sumu, na unakwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya jirani. Nenda mbali, simama upepo unakotoka. Ganda la nje hubaki limeng'ang'ania. Fungua msumeno, pitisha ubao ndani ya tundu, ufunge tena, ukate kwa urefu mpaka ganda likaribie kutoboka, uache hapo, umalizie kwa tindo likunjike ndani. Ukipitiliza umeukata mkono wenyewe. Utapitiliza kidogo. Kila mtu hupitiliza kidogo, kisha hupaka rangi.

Kuingiza mpya kuna hila inayofaa kusambazwa: zilaze bushi kwenye friza usiku kucha. Chuma kikipoa sana hunywea kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini jiliwa na soketi mbili huona tofauti. Zifunge vizuri. Mimi nilizilaza karibu na nguru wa Ijumaa, na kwa wiki nzima chakula kilikuwa na harufu ya duka la matairi. Mama watoto hakusema kitu. Alinipakulia mimi kwanza, akakaa kunitazama nikila.

Ukiwa chini huko utakiona nyuma ya difu chuma kimoja kilichopinda kama masharubu, na kwa kweli wenye magari haya huko Marekani wanakiita hivyohivyo, masharubu. Kina bushi zake. Zitazame. Ile sauti unayoisikia ukiachia klachi mara nyingine hutoka hapo, raba zikiwa zimekufa na difu ikiinua pua. Nilizibadilisha bila kulalamika, kwa sababu bolti zake zilifunguka kwa spana ya kawaida na kwa muda wa nusu saa nilijiona mtu tena.

Kurudishia, vitabu husema, ni kinyume cha kutoa. Ingekuwa hivyo mpishi angeweza kuurudisha wali gunia. Pini mpya ipakwe grisi ya shaba urefu wake wote, bila ubahili, kwa ajili ya maskini mwingine atakayelala hapo. Pengo lake lielekee kwenye tundu la kabari kabla hujaisukuma hadi mwisho. Ukikosea utaizungusha kwa koleo na kuikwaruza ingali mpya. Kabari iingie, nati yake ifungwe. Halafu nati za mwisho za pini zifunge kwa mkono tu, ziache.

Hili la kuziacha ndilo pekee katika mwongozo huu ambalo nataka ulikariri. Bushi ya raba haizunguki, hujisokota. Ukikaza nati gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, umeifunga raba katika hali ya kuning'inia. Ukilishusha, raba inasokotwa mpaka mwisho wake hata kabla hujatoka uani, na inakaa hivyo mchana na usiku, gari likiwa limesimama, mpaka ichanike. Utaagiza nyingine mwakani, na utamtukana aliyezitengeneza. Gari lishuke chini, libebe uzito wake juu ya magurudumu yake, ulisukume mbele na nyuma likae sawa, wajomba wawili wenye afya waingie viti vyote viwili, ndipo uingie chini ukaze. Namna ya kuingia chini ya gari ambalo tumbo lake liko shibiri moja kutoka ardhini ni suala lako na mbao zako. Wajomba wapewe gazeti.

Lakini gari halingeweza kushuka bado, kwa kuwa kulikuwa na upande wa kulia.

Nilijiandaa safari hii kama mtu anayekwenda Hija. Petroli nilitoa mapema. Mafuta ya kutu nilitia siku tano badala ya tatu. Pini mpya zilikuwa mezani, nimezifunga kwa kitambaa. Fundi wa Majengo alikubali kuja nyumbani mwenyewe, Jumamosi, saa mbili asubuhi, na msumeno wake, kwa kuwa alisema hataki tena kuona uyoga. Kijana wa spana alisimama na ndoo ya maji. Watoto wa mtaa walikaa ukutani wakiwa wameletewa na vitumbua.

Fundi akaingia chini. Akatulia. Akaomba tochi.

"Bwana," akasema kutoka chini, "kabari ya huku ulitoa wewe?"

Sikuwa nimegusa huku. Akanyoosha mkono nje, akaomba koleo. Kikasikika kitu kikichomoka bila shida yoyote, halafu akaisukuma pini kwa kidole gumba, na pini ikatembea ndani ya nyumba ya beringi, ikagota upande wa pili, ikasema ko.

Akairudisha. Ko.

Alipotoka chini alifungua kiganja. Palikuwa na msumari wa inchi nne, umekatwa ukalingana na tundu, umepindwa kichwani usianguke, na umepakwa rangi nyeusi ileile ya chini ya gari, vizuri kabisa, na mtu ambaye hakuwa na haraka. Aliuangalia kwa muda, bila hasira, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. Kisha akaichomoa pini yote kwa vidole viwili, akaiweka juu ya gurudumu. Ilikuwa saa mbili na robo.

Yule wa barazani alikuwa anapita na birika lake kwenda kujaza kahawa. Akasimama, akaitazama pini, akawatazama watoto ukutani, akanitazama mimi niliyesimama na nyundo niliyokuwa sijaitumia.

"Si nilikwambia, yakhe?" akasema. "Jumamosi moja."